Mama Pozi kati ya Nundu na Bapa

Saa tano asubuhi, ukumbi wa harusi umeshajaa na Mama Pozi hajakaa hata mara moja. Shingoni ananing'iniza kamera mbili, kila moja na mkanda wake, na kila akigeuka zinagongana kifuani. Anapiga na ya kulia, anasita, anaiachia, anapiga na ya kushoto, anaguna, anairudia ya kulia.

"Kidevu chini! Wewe mwenye tai, ndiyo, wewe. Shusha kidevu, leo hatuuzi pua."

Mwenye tai anashusha kidevu. Wenzake wanaangua kicheko, na Mama Pozi anabofya kicheko kikiwa bado kibichi. Jina lake ndiko lilikotoka, huko kwenye kuwapanga watu mapozi, na leo hata mumewe analitumia.

"Mama Pozi, siku hizi unatupiga picha kwa simu?" anauliza mgeni mmoja, akiiangalia kamera ya kushoto, ambayo kweli ni ndogo.

"Simu ya nani yenye lenzi hii? Simama vizuri."

Anajibu kwa mzaha, lakini neno limemchoma, na anaibadilisha kamera palepale. Kamera zenyewe si zake, bado. Amezichukua jana kwa muuza kamera ili azijaribu, na Jumatatu lazima moja irudi dukani. Itakayobaki ndiyo ya kumlisha kwa miaka ijayo, maana ya zamani imekufa, na alichodunduliza kinatosha kununua moja tu. Akichagua vibaya, amekwisha.

"Sijalala," anamwambia mwandishi wa habari hii bila kumtazama. "Nikilala ubavu huu naiona hii, nikigeuka naiona ile. Mume wangu kasema mwenye wake wawili ndiye anayehangaika hivi, na yeye anashukuru hakujaribu."

Ofisi ya Mama Pozi ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na kinyozi. Ndani kuna kigoda, pazia la bluu la kusimamia, kompyuta yenye feni inayokoroma, na kioo cha ukutani ambacho wateja wa kinyozi huja kukiazima. Katikati ya wiki anapiga picha za pasipoti na vitambulisho. Hizo zinalipa kodi ya chumba na umeme. Mwisho wa wiki ni harusi na mahafali, na hizo ndizo zilizosomesha watoto wake watatu. Mwezi mzuri anapata harusi mbili. Mwezi mbaya anamsaidia fundi cherehani kukata vitambaa.

Kazi hii aliianzia kwenye ufagio. Alikuwa msichana wa kufagia studio ya mjomba wake, enzi za filamu, na mjomba hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Picha niliyoiharibu alikuwa anaibandika mlangoni, wateja wote waione," anasema. "Nilijifunza haraka. Ungejifunza hata wewe."

Tangu hapo amepiga picha kwa namna moja: jicho la kushoto limefumbwa, la kulia limebanwa kwenye kile kidirisha kidogo cha kuchungulia nyuma ya kamera. Kamera yake ya mwisho ilikuwa ile ya kizamani, nzito, yenye kioo ndani kinachoruka kila ukibofya. Mwezi uliopita, katikati ya mahafali, kioo kiliruka kikagoma kushuka. Ikabidi aazime kamera ya mshindani wake mbele ya wazazi wa watu.

Aliipeleka kwa muuza kamera, mwanamume mpole ambaye pia huzitengeneza. Watu humwita Daktari kwa sababu hutega sikio kwenye kamera kabla ya kuifungua. Safari hii alitega, akabofya, akatega tena.

"Pole, dada," alisema. "Marehemu."

Kisha akamweleza kwamba dunia imehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, akaweka mezani mbili za bei ya chini, za wanaoanza. Mama Pozi hakulipenda hilo neno. Anayeanza nani? Daktari akaomba radhi, akaendelea.

"Ndani hizi ni ndugu wa tumbo moja. Picha zake ukizichapa, hata mimi siwezi kukwambia ipi imezaliwa na ipi. Tofauti ni namna ya kuishi nazo."

Kwa kuwa walifahamiana siku nyingi, alimruhusu aende nazo zote mbili, yeye akabaki na pesa ya moja pamoja na ile marehemu. Mama Pozi alizipa majina kabla hajafika nyumbani. Yenye kichuguu juu, palipo na kidirisha cha kuchungulia, akaiita Nundu. Isiyo na kidirisha kabisa, ambayo ni lazima uitazame skrini ya nyuma kama unavyotazama simu, akaiita Bapa.

Ijumaa alasiri alizijaribu kwenye karakana ya mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Mumewe alisimama mbele ya geti ambalo halijaisha, kibarakoa cha kazi kikiwa kimepandishwa juu ya kipaji, akageuzwa huku na huku mpaka akauliza kama atalipwa.

Nundu ilimkaa mkononi vizuri. Ina pa kushika, vitufe viko pale vidole vinapotarajia, na unapochungulia unajiona uko kazini. Lakini kidirisha chake si kile cha zamani cha kuona moja kwa moja. Ndani kuna skrini ndogo. "Hiki si kidirisha," alilalamika, "ni televisheni ya sisimizi." Skrini yake ya nyuma imeng'ang'ania mgongoni, haigeuki popote.

Skrini ya Bapa inafunguka kama mlango wa kabati na kugeuka utakako. Ukiielekeza kwa mtu, kisanduku cha kijani kinakimbilia kwenye jicho lake na kukaa hapo, hata mtu akitembea. Mumewe alijaribu kukitoroka, akazunguka geti, akachuchumaa nyuma ya mtungi wa gesi. Kilipomkuta huko alicheka kama mtoto. Ubaya wake ni jua. Ukitoka nje mchana, skrini inamezwa, huoni kitu. Betri za zote mbili ni ndogo, na kwa kazi ya harusi lazima ununue ya ziada.

"Sasa hapo tatizo liko wapi?" aliuliza mumewe. "Chukua hiyo inayofuata watu."

"Baba watoto, nisimame kwenye harusi ya watu nimenyoosha mikono mbele kama nanusisha wageni maua? Mimi nimefundishwa kupiga picha kwa jicho."

Nundu nayo ina kisanduku chake, ila kinasitasita, mara kimekamata uso, mara kimekamata bawaba ya geti. Mama Pozi alikizima.

"Nalenga mwenyewe," alimwambia mwandishi. "Nalenga mwenyewe tangu hujazaliwa."

Mwandishi ana mvi.

Ukumbini Jumamosi, mambo yalikwenda hivyohivyo, Nundu, Bapa, Nundu. Kitu kimoja mwandishi alikiona asikielewe: kila baada ya picha chache, Mama Pozi alikuwa akikifuta kidirisha cha Nundu kwa pindo la blauzi yake, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza aliyokwishaifuta.

Halafu shangazi wa bibi harusi akamshika mkono. Shangazi huyo ndiye aliyekuwa na kamati, keki, funguo za ukumbi na sauti.

"Mama Pozi, nisikilize. Nyingine zote zikiharibika tutasameheana. Ya bibi isiharibike."

Bibi alikuwa mama yake shangazi, nyanya wa bibi harusi. Alikuwa amesafiri kutwa nzima kwa basi, na Jumatatu alfajiri alikuwa anarudi kwake. Magoti yake yalikwisha kusema kwamba safari nyingine kama hiyo haipo. Aliketishwa kwenye kiti chenye mito. Bibi harusi akainama akasogeza shavu karibu na la bibi yake, na nyuma yao kulikuwa na ukuta wa maua ya bandia.

Mama Pozi alizishika kamera zote mbili. Akaiinua Bapa, akaishusha. Akachukua Nundu, akafumba jicho la kushoto, akabofya mara kadhaa.

"Nzuri sana," akasema. Watu wakapiga makofi.

Jioni, saa moja hivi, alikuwa ofisini kwake, kompyuta inakoroma, mumewe kaketi kwenye kigoda cha wateja akila karanga. Picha zilipita moja baada ya nyingine, na mara zikafika za bibi. Mama Pozi aliikuza ya kwanza. Akaikuza ya pili. Akaacha kupumua kwa kelele, jambo ambalo mwandishi hakuwa ameliona kutwa nzima.

Maua ya ukutani yalikuwa yametoka safi, kila uzi wa kitambaa ulihesabika. Bibi na mjukuu wake walikuwa mbele ya maua hayo wakiwa na ukungu, kama wamepigwa kupitia dirisha la bafuni. Zote za Nundu zilikuwa hivyo.

"Mbona iko sawa tu?" alisema mumewe kwa mbali, karanga mdomoni.

"Usinitie hasira."

Kamera mbovu, akasema. Daktari kampa kamera mbovu. Akasimama, akakaa, akasimama, akachomoa kadi, akairudisha. Akazifungua picha za Bapa, zile chache alizopiga kwa kuona haya. Kope za watu zilionekana moja moja. Akazifunga haraka, kana kwamba zinamzomea.

Asubuhi ya Jumapili alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla kufuli halijafunguliwa. Alisema yote kwa pumzi moja. Daktari aliitazama picha, akaikuza, akaweka kidole kwenye pengo dogo kati ya shavu la bibi na la bibi harusi.

"Alama yako ya katikati ilipita hapa, dada. Katikati ya vichwa viwili. Kamera ikalenga maua yaliyo nyuma, kama ulivyoiambia."

Hilo ni kosa la wanafunzi. Mama Pozi amewafokea vijana wengi kwa kosa hilo.

"Ningeona!" alisema. "Ningeona kwenye kidirisha kwamba nyuso zimefifia!"

Daktari alinyoosha mkono. Aliichukua Nundu, akachungulia, akaitoa usoni na kupepesa. Pembeni mwa kidirisha kuna kigurudumu kidogo mno, cha kurekebisha kidirisha kifuate macho ya mwenye kamera. Picha yenyewe hakiigusi. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Akaenda kabatini, akarudi na ile kamera marehemu, akaweka kigurudumu chake pembeni ya kile cha Nundu. Nacho kilikuwa mwisho kabisa, na kimechakaa kwa kusukumwa.

Akaenda kuufunga mlango wa duka, ingawa hapakuwa na mteja.

"Nilikiona siku ulipoileta hii," alisema taratibu. "Nikasema si kazi yangu kukuuliza. Lakini kamera ni nzima, dada yangu."

Mama Pozi alizunguka duka lile dogo. Aliigusa mikanda iliyoning'inia, akaisogeza stendi moja ya kamera ya miguu mitatu, akairudisha ilipokuwa. Mwandishi alitamani kutoka nje na hakujua atatokaje.

"Mtoto wa jicho," alisema hatimaye, akiwa ametazama rafu. "La kulia. Nimeambiwa hospitali mwaka jana. Wakasema anatolewa, nirudi. Sikurudi."

Kwa nini hakurudi? Alimgeukia mwandishi kama aliyeulizwa upuuzi.

"Wewe una harusi ya mwanao. Unasikia mpiga picha ana ukungu jichoni. Utampa? Mimi nisingempa! Na wakishanifunika jicho, wakikosea je? Nikasema nitalenga kwa mazoea. Mazoea yananitosha. Mwaka mzima yalinitosha."

Kwa kweli hayakuwa mazoea. Ilikuwa ile kamera ya zamani, ambayo alikuwa ameishi nayo hata ikawa inamfichia siri. Nundu ilikuwa mgeni, haikujua kuficha.

Kwa mumewe alikwenda moja kwa moja. Fundi alikuwa anapiga rangi geti lake. Alisikiliza, brashi mkononi, rangi ikimdondokea kwenye kiatu.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Mimi ndiye ninayetazama moto kila siku. Kila jioni unaniuliza, macho vipi, umevaa kinga, macho vipi. Na lako?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. Aliiweka brashi chini. "Ningekupeleka hata kwa toroli, mama watoto."

Mama Pozi alilia, kwa muda mfupi na kwa kelele, kisha akajifuta kwa pindo lilelile la blauzi na kusema kwamba muda unakwenda, bibi anaondoka kesho.

Nyumbani kwa shangazi walipokelewa vizuri, kwa sababu shangazi alidhani wameleta picha. Aliposikia, uso ulibadilika.

"Nilikwambia ya bibi! Moja! Nilikuomba moja!"

"Uliniambia. Imeharibika, na si kamera, ni mimi. Jicho langu lina mtoto, nimewaficha. Pesa yako nitarudisha ukitaka. Lakini niruhusu nirudie, leo, kabla hajaondoka."

Shangazi alikuwa na mengi ya kusema na aliyasema. Alisema kuhusu uaminifu, kuhusu gauni lililokwisha kurudishwa lilikokodiwa, kuhusu wapiga picha wengine watano aliowakataa. Mama Pozi alisimama, safari hii bila kucheza na kitu mkononi. Ndipo sauti ikatoka barazani.

"Nani ana mtoto wa jicho?"

"Shikamoo, bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Mimi walinitoa wawili, huku na huku. Kabla ya hapo nilikanyaga vifaranga miaka miwili, nikisema ni giza. Saa nne asubuhi, mwanangu, nasema ni giza!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Vifaranga wakaisha, nikakosa cha kusingizia. Njoo hapa nikuone."

Mama Pozi alipiga magoti mbele yake. Bibi alimshika taya, akamgeuzia kwenye mwanga kama alivyozoea yeye mwenyewe kuwageuza wateja, akalitazama jicho lile kwa makini.

"Huyu bado mdogo," akatoa uamuzi. "Kamtoe. Sasa piga hiyo picha, nina usingizi."

Bibi harusi aliitwa. Alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa pili, bila vipodozi, kichwa kimefungwa kitambaa, kandambili miguuni. Jua lilikuwa linapiga barazani moja kwa moja, na Mama Pozi alipoiinua Bapa hakuona kitu kwenye skrini. Mumewe alikwenda kwenye baiskeli yake, akarudi na kibarakoa chake cha kuchomelea, akakishikilia juu ya kamera kufanya kivuli. Hakuna aliyemwambia bibi atabasamu. Alipoiona sura ya fundi akimlinda mkewe kwa kibarakoa dhidi ya jua la alasiri, alicheka mwenyewe, na mjukuu akamwangukia begani.

Kisanduku cha kijani kilikaa kwenye jicho la bibi. Mama Pozi, mikono imenyooshwa mbele, akabofya.

Kisha akafanya jambo ambalo mwandishi hakulitarajia kwake. Alimpa shangazi kamera na kumwomba aikuze picha yeye mwenyewe, aangalie. Shangazi alikuza, akasogeza, akakuza tena.

"Huyu mtoto anafanana na marehemu dada yangu hapa," alisema. Hakuzungumzia tena pesa, wala hakusema amesamehe. Alimwuliza tu hospitali ni lini.

Jumatatu, Daktari alisafisha meza yake na kungoja. Mama Pozi aliziweka kamera zote mbili mbele yake. Akaiinua Nundu mara ya mwisho, akachungulia, akaishusha, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Ichukue kabla sijabadili mawazo."

Aliondoka na Bapa. Hakufika mbali akageuka kurudi, na Daktari akaanza kuipangusa Nundu upya, akijua yatakayofuata. Kumbe alisahau betri ya ziada.

Mwandishi alimwuliza kama ni sawa haya yaandikwe. Alifikiri huku anatembea, maana kufikiri ameketi hakuwezi.

"Andika. Ila ningoje niwaambie kwanza wateja wangu wa harusi zijazo. Wasisome gazetini."

Amewaambia. Mmoja amekwenda kwa mpiga picha mwingine, tena yule yule aliyemwazima kamera. Hilo limemuuma na hakulificha. Waliobaki wamesogeza mambo yao au wamesema watamngoja. Kitanda hospitali kimepatikana, na tarehe ameiandika kwa kalamu nene ukutani, chini ya saa, ili asijifanye hakuiona. Siku atakazokuwa amefunikwa jicho, mumewe ndiye atakayepiga picha za pasipoti. Amefundishwa: kisanduku kikikaa kwenye jicho, bofya, usiongee na mteja. Tayari amempiga picha kinyozi katikati ya chafya.

"Atanifukuzia watu," anasema Mama Pozi, akizunguka chumba, akinyoosha pazia ambalo limenyooka.

Na akishapona, ataanza na nini? Harusi? Mahafali?

Kwa mara ya kwanza tangu mwandishi amfahamu, anakaa kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Siku ya kwanza sitapiga picha. Nitafungua mlango asubuhi, nikae, nitazame watu wanavyopita. Unajua mwaka huu wote sura za wateja wangu nilikuwa nazifahamia kwenye kompyuta, nikishazikuza? Mtu nimesimama naye kutwa, naenda kumwona jioni, yeye yuko kwake. Kamera ilikuwa inawaona kabla yangu." Anaipachika Bapa kifuniko cha lenzi. "Safari hii nataka nitangulie mimi."